Nara za Marehemu Yakobo

Bondeni Kuiseb, kambini kwenye nara
14 Novemba 1982

Kwako Shemeji Magrieta,

Kama barua hii imekukuta unakohoa, maliza kwanza kukohoa ndipo uisome, maana sitaki kusingiziwa. Mimi mzima. Goti la kulia limegoma na la kushoto linafanya kazi za wawili, kama mke wa mlevi.

Tumeshuka kutoka kijijini, mimi na punda wangu wawili na lile pipa la kupikia, tumepiga kambi palepale pa siku zote. Mchungaji alitaka kutuombea kabla hatujaondoka. Nikamwambia aombee mvua, mimi nitajiombea mwenyewe. Akanuna. Mchungaji akinuna anafanana na mbuni aliyemeza kifungo.

Sasa sikiliza, maana kuna jambo. Natanaeli alikuja juzi na tumbaku mkononi. Ukimwona Natanaeli anagawa tumbaku ujue anataka mali ya mtu. Akakaa, akauliza habari za mbuzi, habari za goti, halafu akauliza taratibu, "Hivi yule kijana wa marehemu kaka yako bado yuko hai?" Nikamjibu yuko hai na meno yote anayo. Akasema anauliza tu.

Haulizi tu. Msimu uliopita Efraim hakuja kuchuma nara za baba yake, matikiti yale ya miiba yaliyomlea. Msimu huu asipokuja itakuwa mara ya pili, na wewe umezaliwa kwenye mto huu, unajua desturi yetu Watopnaar: misimu miwili damu ya mwenye shamba isipochuma, shamba ni la yeyote atakayetangulia kupiga kambi. Mimi siwezi kumshikia, nina langu, na mtu mmoja hana haki ya mashamba mawili hata akiwa na matumbo mawili. Kwa hiyo mtoe kijana huko kwenye kiwanda cha samaki. Aje achume hata nara moja mbele ya macho ya watu, kisha arudi akanuke samaki anavyotaka.

Jambo la pili ni mashine. Wameongeza nyingine pale kwenye kona ya mto, ndani ya uzio wa waya. Inanguruma mchana kutwa ikivuta maji ya chini kuyapeleka kwa bomba huko mjini kwenu. Mto haujashuka na maji ya juu tangu marehemu azikwe, na nara inaishi kwa mzizi tu, nao mzizi unafuata maji chini ya mchanga hata kama yamekimbilia kaburini. Sasa yanakimbia kuliko mzizi. Vichaka vya Yakobo vilivyo karibu na uzio vimeanza kuwa na rangi ya bia.

Mlinzi wa mashine ni mtu mmoja wa ovaroli ya rangi ya chungwa, kajifunga kitambaa usoni kama mwizi. Namwita Bwana Chungwa. Kila asubuhi namsalimia kwa matusi mapya. Hajibu. Mwaka jana nilisema mbele ya baraza, na nasema tena, mdomo wa mtu anayekula kwa lile bomba hautagusa nara za kaka yangu.

Mlete Efraim.

Shemeji yako mtiifu (nacheka),
Elifas

---

Kuisebmond, Walvis Bay
27 Novemba 1982

Shemeji Elifas,

Barua yako Fillemon ameniletea kwa pikapu yake, pamoja na harufu ya mbegu zako za mwaka jana, maana alikuwa amekalia gunia. Nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu nikakohoa mpaka akagonga tena.

Efraim anakusalimu sana. Kiwandani hawatoi ruhusa, samaki wamekuwa wengi msimu huu, wanafanya zamu mbili. Nimemwambia habari za Natanaeli na ameumia moyo. Anasema atajaribu kabla msimu haujaisha. Nakutumia makopo sita ya samaki wa pilchadi aliyoyafunga kwa mikono yake mwenyewe.

Kuhusu huyo mtu wa mashine, Shemeji, nakuomba umwache. Yeye si mwenye bomba. Huenda ana mama anayekohoa kama mimi. Na hayo maji mimi nayanywa kila siku. Mdomo wangu nao usiguse nara za mume wangu?

Goti lipake mafuta ya mbuni.

Magrieta

---

Kuisebmond
28 Novemba 1982

Mwanangu Efraim,

Barua hii nampa dereva wa lori la dizeli akukabidhi mkononi. Ukishaisoma iwashie moto wa chai.

Baba yako mdogo amefika kambini. Amekuona, ila hajakujua. Mara ya mwisho kukuona ulikuwa huna hata ndevu. Usitoe kitambaa usoni. Usimjibu, kwa sababu sauti yako ni ya baba yako na atakutambua kwa neno moja. Nimemwambia uko kiwandani, nimemtumia na makopo ya samaki niliyonunua dukani, Mungu anisamehe. Alishaapa mbele ya baraza. Wakijua unakula kwa lile bomba, Natanaeli hatangoja msimu uishe, atatumia maneno ya Elifas mwenyewe kukunyang'anya.

Kaza roho mpaka mwisho wa Januari. Chukua likizo yako, shuka kwenye lori upande wa mjini, vaa shati la kawaida, uje kambini kana kwamba umetoka huku. Uchume mbele ya watu. Hatuhitaji zaidi ya hapo.

Dawa ya kifua nimepata, usijali.

Mama

---

Kwenye mashine
9 Desemba 1982

Mama,

Nimeichoma barua yako kama ulivyoagiza.

Namwona kila siku. Ukungu ukianza kuondoka anatokea nyuma ya matuta na fimbo yake, anasimama kwenye uzio. Juzi aliniambia, "Wewe Chungwa, mama yako anajua kwamba unakunywa mto wa watu?" Nilitaka kumwambia anajua. Nikageuka nikajifanya nafuta tangi.

Kuna siku alinisimulia habari za yule mende mweusi anayepanda juu ya tuta asubuhi, anainua makalio, ukungu unamgandia mgongoni, unachuruzika mpaka mdomoni. Akasema yeye naye amejaribu, akaishia kupata baridi ya matako. Akacheka peke yake. Mimi nilikuwa nalia kwa kicheko ndani ya kitambaa, Mama, na akaona mabega yanatikisika. Kisha akanitukana tena lakini kwa adabu kidogo.

Hali ya hewa ilipokuwa kali nilimwachia ndoo ya maji nje ya lango. Alikunywa. Funda la mwisho akalitema kwenye waya.

Sasa nikwambie lililo zito. Kila asubuhi nashusha kamba kisimani kuona maji yamekaa wapi. Kamba niliyokabidhiwa haifiki tena. Nimeunga nyingine, na hiyo nayo karibu itakwisha. Wakubwa wakija naonyesha, wanaandika, wanasema mji unakua. Baba mdogo hasemi uongo. Vichaka vya baba vinakufa na ninayewasha mashine asubuhi ni mimi.

Nimeanza kufanya jambo la kijinga. Alasiri, upepo wa baharini ukiamka na kuinua mchanga, hakuna anayemwona mwenzake. Nabeba madumu mawili, natoka kwa lango la nyuma, naenda kumwaga kwenye vichaka vya baba. Mchanga unayanywa kabla sijainua dumu. Sijui kama yanafika popote. Lakini nikirudi nalala vizuri.

Mwanao,
Efraim

---

Kambini
20 Desemba 1982

Shemeji Magrieta,

Makopo yamefika. Samaki ni watamu, ila mwambie Efraim anayafunga vibaya, kwenye kopo moja nimekuta bei ya duka. Kijana anaiba dukani au anauziwa na wajomba zake? Sina neno, mimi pia ningeiba.

Nara zangu zimezaa kidogo, kama meno ya mchungaji. Za Yakobo ni aibu kuzitaja. Upande wa uzio kumekufa kabisa. Miiba imekuwa myeupe, na tuta lililokuwa limeshikwa na kichaka limeanza kutambaa kwenda zake, kwa sababu hakuna wa kulizuia. Kuna tuta Yakobo alikuwa akilala chini yake mchana. Limeondoka. Nimekwenda kukaa pale, nikakaa kwenye jua.

Na kuna uchawi. Nimekuta mchanga umelowa chini ya vichaka vya marehemu, alasiri, jua linawaka. Nimewasingizia punda, nikawachapa. Punda wakaniangalia kwa namna ambayo sijaipenda.

Sasa nakupa siri, na usimpe mchungaji wenu. Nimechoka kutukana. Matusi hayazimi mashine. Lakini mchanga wetu huu laini, ule wa juu kabisa ya tuta, unaoingia hata kwenye yai, nimewaza: je, ukiingia kwenye dizeli? Wakubwa wao wanakwenda kula Krismasi na Mwaka Mpya. Bwana Chungwa naye nimemchunguza. Kila alasiri upepo ukiamka anapotea, sijui anakwenda kusali au kuharisha. Mfuniko wa tangi hauna kufuli. Soksi moja ya mchanga inatosha. Mimi soksi ninazo, goti tu ndilo sina.

Mashine ikilala hata wiki mbili, labda maji yatapanda kidogo, labda Efraim atakuta nara moja ya kuchuma. Nafanya kwa ajili yake. Mwambie hivyo.

Elifas

---

Kuisebmond
29 Desemba 1982

Elifas,

Usifanye. Nakuomba kwa jina la Yakobo.

Huyo Bwana Chungwa ni Efraim. Hajawahi kufanya kazi kiwandani. Nimekudanganya kwa sababu ya kiapo chako na kwa sababu mshahara wake ndio unaonifanya nipumue. Alasiri hapotei. Anabeba maji kwenda kumwagilia vichaka vya baba yake. Hao punda umewachapa bure.

Barua yako nimeipata leo asubuhi. Nampa Fillemon hii sasa hivi akiwa bado ameketi kwenye pikapu.

Usifanye, Shemeji. Ni mtoto wako.

Magrieta

---

Kambini
3 Januari 1983

Shemeji Magrieta,

Heri ya mwaka mpya. Mashine imekufa.

Niliingia upepo ulipoamka, kwa lango la nyuma, ambalo lilikuwa wazi kama mdomo wa Natanaeli. Nikamimina soksi yangu yote kwenye tangi la dizeli, nikafunika, nikaondoka nikichechemea kwa heshima zote. Nilipofika kambini ilianza kukohoa. Ikakohoa kama mchungaji wenu anapofika kwenye habari za sadaka. Kisha kimya. Shemeji, nilikuwa nimesahau kimya cha mahali hapa. Unamsikia mjusi akitembea.

Nilicheka hadi nikalala kwa mgongo.

Kesho yake wakaja na magari mawili. Bwana Chungwa alikuwa amejaribu kuitengeneza usiku kucha, kajaa grisi mpaka kwenye masikio. Mkubwa wao mmoja alimfokea, akimwuliza alikuwa wapi wakati kitu kinaingia kwenye tangi. Sikusikia jibu. Sidhani kama alijibu. Wakamwambia avue ovaroli palepale, ni mali yao. Akavua. Akabaki na fulana. Nami nilikuwa juu ya tuta nikitazama, nimeshajiandaa kucheka zaidi.

Akatembea kwenda kwenye gari, na kicheko kikanikauka. Yule mtu anatembea kama marehemu kaka yangu, bega moja mbele, kama anayepita mlango mwembamba. Nikasema ni jua. Nikasema ni uzee, sasa kila mwenye mabega ni Yakobo. Lakini sikulala.

Efraim anakuja lini?

Elifas

---

Kambini
11 Januari 1983

Shemeji,

Fillemon amefika leo. Pikapu ilimharibikia njiani, akangoja springi mpaka sikukuu zikaisha. Barua yako ilikuwa kwenye dashibodi wakati wote huo, jua likiipiga.

Nimeisoma. Nimempa Fillemon maji. Nimeisoma tena.

Nieleze yuko wapi.

Elifas

---

Kuisebmond
19 Januari 1983

Elifas,

Unauliza yuko wapi. Amekaa mbele yangu, anatazama ukuta.

Wamemfukuza. Wamesema alikuwa nje ya lindo, na ni kweli, alikuwa nje ya lindo, alikuwa na madumu mikononi kwenye shamba la baba yake. Hakuwaambia. Nimemwuliza kwa nini hakujitetea, akasema angewaambia nini, kwamba anaiba maji yao ili ayarudishe?

Mashine yako ilipokufa, upande wa wakubwa bomba halikukata hata tone. Waliofungiwa ni sisi wa huku. Tulipanga foleni na ndoo kwenye lori, na mimi sikuweza kusimama, jirani akanishikia nafasi. Wiki haikuisha wameleta mashine mbili mpya. Tangi lina kufuli. Mlinzi ana mbwa.

Dawa sijanunua mwezi huu.

Mwanzo nilitaka kukuandikia maneno ambayo hata wewe mwenye mdomo mchafu usingeyajua. Nimeyaacha. Mimi ndiye niliyekuficha ukweli, na wewe ndiye uliyemimina, na aliyelipa ni yeye ambaye hakudanganya wala hakumwaga mchanga. Tuishie hapo.

Anakuja. Hana kingine cha kufanya. Ulimtaka achume nara, sasa umempata. Mpokee vizuri, na usimchekeshe kabla hajataka.

Magrieta

---

Kambini kwa baba mdogo
16 Februari 1983

Mama,

Nimefika salama. Baba mdogo alinipokea akiwa amevaa koti la harusi yake. Limekuwa kubwa, au yeye amepungua. Alisimama, akanitazama, akasema, "Karibu, Bwana Chungwa," kisha akageuka kwenda kuwafokea punda. Hatujaongea juu ya lile jambo. Ananipikia, ananipa upande wa kivuli, usiku ananifunika akidhani nimelala. Ni vigumu kumkasirikia mtu anayekufunika.

Lakini nakuandikia kwa habari njema, Mama, ya kwanza tangu mwaka uanze. Vichaka vya baba havijafa vyote. Vile vya upande wa magharibi vimechanua. Vimejaa maua, ya manjano hafifu, mpaka mende wanagombana ndani yake. Na ni palepale nilipokuwa namwaga madumu. Ni maji yangu, Mama. Yalifika.

Nimemwonyesha baba mdogo. Alitazama, akaniambia, "Naona." Nadhani anaona haya, kwa sababu yeye alishavifanyia vichaka hivyo matanga.

Baraza la mashamba ni mwisho wa Machi. Maua yakigeuka nara mapema nitachuma mbele yao, na Natanaeli atabaki na tumbaku yake. Mwaka huu kidogo, mwaka ujao zaidi. Nyumba hiyo ya kupanga iache. Njoo huku, hewa ya ukungu asubuhi itakusaidia kifua. Nitakujengea upande usio na upepo.

Napiga mluzi siku nzima, baba mdogo ameanza kulalamika.

Efraim

---

Kuisebmond
1 Machi 1983

Mwanangu Efraim,

Barua yako nimeisoma nimesimama. Nimefunga sufuria na blanketi, mwenye nyumba nimeshamwambia. Kisha nimekaa, nikafikiri, nikaona aibu, kwa sababu nilikuondoa mtoni ungali mdogo na sikukufundisha hata hili.

Nara ni kama watu. Kuna kichaka dume na kichaka jike. Dume linachanua karibu mwaka mzima, maua mengi, ya kupendeza, na halizai. Jike linachanua kidogo. Ukitaka kulijua, geuza ua utazame nyuma yake. Ua la jike lina kifundo kidogo hapo kwenye shingo, kama shanga, kina miiba laini. Hicho ndicho nara yenyewe, mtoto. Ua la dume, nyuma yake hakuna kitu, ni kikonyo tu.

Majike hubeba mzigo mkubwa. Maji yakipungua hufa kwanza.

Nenda kageuze maua, mwanangu. Uniandikie ulichoona. Sufuria sijaifungua.

Mama

---

Kambini
30 Machi 1983

Shemeji Magrieta,

Nakuandikia mimi kwa sababu kijana ameshika kalamu mara kadhaa na kuiweka chini.

Alipopata barua yako hakunionyesha. Alikwenda asubuhi ukungu ukiwa bado mzito, akageuza ua mojamoja, kama mtu anayetafuta chawa kwenye kichwa cha mtoto. Nilikuwa namwona kivuli tu. Alizunguka vichaka vyote vya magharibi, akarudi kwenye cha kwanza, akaanza upya. Ukungu uliondoka ukamwacha amesimama katikati ya maua yake.

Akaja akakaa. Akaniuliza, "Baba mdogo, ulijua?"

Nikamwambia nilijua tangu siku ile aliponionyesha.

"Mbona hukusema?"

Nikamwambia, "Kwa sababu ulikuwa unapiga mluzi."

Akawasha moto, akaniwekea chai. Mluzi hajapiga tena. Nimejaribu kupiga mimi, lakini meno ya mbele yalikwisha kuondoka, natoa upepo tu.

Majike yote yamekufa, Shemeji. Madume bado yanachanua, hayajaambiwa. Fungua sufuria. Huku hakuna cha kupika ndani yake.

Baraza lilikaa jana. Nilivaa tena lile koti. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, maana nilijua Natanaeli atanipiga kwa maneno yangu, yale ya mdomo na bomba. Kwa hiyo sikungoja. Nilisimama kabla sijaitwa, nikasema nilichosema mwaka juzi nimekimeza, kikavu, bila chai, na aliyemwaga mchanga kwenye tangi ni mimi, na huyu kijana alikuwa akinyweshea nara za baba yake wakati mimi naharibu kazi yake. Nilisubiri kelele. Mzee wa baraza aliniambia nikae, nisije nikaumiza goti.

Kisha akauliza nani anadai nara za marehemu Yakobo. Efraim akasimama. Akaulizwa amechuma nini msimu huu. Akaonyesha viganja vitupu. Hakusema hata neno la kujitetea, kama siku ile ya ovaroli, na mimi nikatazama miguu yangu.

Mzee akauliza kama yuko mwingine anayelidai shamba hilo. Hakuna aliyesimama. Akamtaja Natanaeli kwa jina. Natanaeli alikuwa amekaa nyuma, hana tumbaku safari hii. Akasema hapana, yeye anahama, mwanawe amepata kazi ya kuchimbia mabomba mjini na amemtafutia chumba. Akasema amevitembelea vile vichaka na hana haja navyo. Alisema kwa upole. Ningependa angenitukana.

Mzee akazungusha macho mara nyingine, watu wakatazama viatu vyao, akasema basi, ni la Efraim mwana wa Yakobo, na watoto wake. Tukatoka.

Tumeshinda, Shemeji. Shamba limebaki letu. Hakuna aliyelitaka.

Elifas